Miti majini: kwa nini picha yangu imekuwa uji?

SWALI: Napenda kupiga picha za miti inayojiakisi ziwani, na nataka ionekane kama imechorwa kwa brashi. Niliweka kamera kwenye stendi, nikafunga kichujio cha polaraizi na kingine cheusi cha kupunguza mwanga, shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) nikaiacha wazi sekunde 30. Nikapata rangi zilizofifia tu, laini kama ukungu. Nimekosea wapi?

JIBU: Kwanza fungua hicho cha polaraizi. Kazi yake ni kukata mng'ao wa maji, na mng'ao huo ndio picha yako yenyewe. Nguvu ya kichujio huzidi unapotazama maji kwa mteremko wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa maji. Kizungushe hapo uone miti inavyoyeyuka, ubaki na mawe na matope ya chini. Ni kweli kikizungushwa robo mzunguko hufanya kinyume, taswira ikakolea, ila kinakula mwanga. Mimi changu hukaa mkobani.

Kosa kubwa lakini ni hizo sekunde 30. Kila kiwimbi ni kioo kilichopinda: kinanasa kipande cha mti, kinakivuta, kinakipitisha kwa mwenzake. Ukiiacha shata wazi muda wote huo, viwimbi vingi mno vinapita mahali pamoja na kila kimoja kinafuta alichochora mwenzake. Chukua shina moja lililonyooka. Kwa 1/500 ya sekunde linakatika vipande vyenye kingo kali, kama kioo kilichopasuka. Kwa 1/8 vipande vinaungana kuwa mstari mmoja unaotetemeka, mnene hapa, mwembamba pale, na rangi ya majani imeingia pembeni mwake. Kwa sekunde 30 ni doa refu. Brashi unayoitafuta iko kati ya 1/15 na 1/2: upepo ukiongezeka, harakisha shata, ukitulia, icheleweshe. Halafu piga nyingi, hata 40 bila kusogea, maana hakuna viwimbi viwili vinavyofanana.

Fokasi nayo huwapotosha wengi. Taswira haikai juu ya maji. Mti ulio ng'ambo, mita 40 kutoka kwako, lenzi inauona kwa umbali wa safari nzima ya mwanga, kutoka mtini hadi majini hadi kwako, hata kama unaelekeza kamera kwenye maji yaliyo mita 5 mbele. Ukifokasi jani linaloelea hapo karibu huku tundu la lenzi likiwa pana, f/4, miti itatoka na ukungu ambao hukuutaka. Kwa tundu dogo la f/16 vyote viwili vitakaribia kuwa vikali, na tundu hilo litakusaidia pia kupata shata ya polepole bila kile kichujio cheusi.

Kuhusu mwanga: tafuta maji yaliyo kivulini yanayoakisi miti iliyopigwa na jua, asubuhi mapema au jioni. Hapo rangi hukolea kwa sababu uso wa maji hauna mwanga wake wa kushindana nayo. Chuchumaa pia. Maji ukiyatazama wima kutoka juu hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, na kiasi hicho hupanda kadiri jicho linavyoshuka kuelekea usawa wa maji.

Ukingo wa ziwa uache nje ya fremu. Ukifika kwenye kompyuta, pindua picha juu chini kabla ya kugusa rangi. Mara nyingi utagundua haihitaji kuguswa.