Dada, futa huo mstari wa buku tano kabla hujatuma tangazo

Dada simama hapo hapo, usitume hilo tangazo.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Umechaguliwa katibu wa wazazi kwenye shule ya msingi huko Chanika, wazazi hawaji vikaoni, walimu wamekata tamaa, unauliza uwavute vipi, na wenye maduka na msikiti na kanisa hapo jirani uwaingize vipi, na watoto wasaidiweje kusoma wakiwa nyumbani. Maswali mazuri kabisa. Ila chini ukaandika kwamba Jumamosi ijayo ndo mkutano wa kwanza, ajenda ni mchango wa buku tano kila mzazi kwa ajili ya uji na ukuta, na majina ya waliolipa na wasiolipa mtayapandisha kwenye grupu la wasapu "ili watu wawajibike". Nimeacha chai ikapoa. Hapo ndipo nilipoharibu mimi, hapo hapo kabisa, na sitaki kukuona unaingia kwenye shimo ambalo nalijua kina chake.

2019 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule huku Mbagala, shule yenye watoto zaidi ya 3,000, wanaingia kwa zamu asubuhi na mchana, haina ukuta, bodaboda wanakatiza katikati ya uwanja watoto wakiwa mstarini. Tukaitisha mkutano wa wazazi. Tulikodi bajaji yenye kipaza sauti ikazunguka mtaa mzima siku mbili, "mkutano muhimu kuhusu watoto wenu". Na walikuja aisee! Tulikodi viti 400 havikutosha, watu wakakaa chini ya mwarobaini, wengine wamebeba watoto mgongoni, wengine wamefunga biashara zao. Watu ambao walimu walikuwa wanasema hawajali.

Mimi nikasimama, salamu, halafu sentensi ya pili ikawa hela. Ukuta, mlinzi, uji, kila mzazi buku tano kabla ya tarehe fulani.

Akanyoosha mkono mzee mmoja wa pale nyuma, akasema mwenyekiti, mjukuu wangu yuko darasa la tatu hajui kusoma hata jina lake, mi nimekuja kwa hilo. Nikamjibu nini? Nikamjibu hilo tutalizungumza kwenye mengineyo. Jua likawaka, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, mengineyo hatukufika. Yule mzee sikumwona tena shuleni mpaka leo na namkumbuka zaidi ya mtu yeyote katika hii stori.

Sasa majina. Wiki tatu baadaye waliolipa hawafiki hata nusu, tukabandika orodha ya wadaiwa kwenye mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu na tukaituma kwenye grupu. Dada, orodha ya mlangoni hawasomi wazazi, wanasoma watoto. Ndani ya siku mbili watoto wakawa wanaitana "deni" uwanjani. Kuna mama mmoja anauza vitumbua, mwanae wa kike darasa la nne aligoma kwenda shule siku tisa na mama hajui kwa nini, kaja kuambiwa na jirani. Akaja kwangu usiku, akafungua pindo la kanga, akamwaga mezani sarafu za mia na mia mbili mpaka zikatimia elfu tano, akasema "mwenyekiti, futa jina la mwanangu". Akatoka bila kuaga. Shule zilipofungwa akampeleka yule mtoto kwa bibi yake Kilwa akasomee huko. Nilikuwa nalala na kile kimya chake miezi.

Halafu ile hela yenyewe ilikuwa inatumwa kwenye simu yangu, namba yangu binafsi, eti ndo rahisi. Ikafika milioni moja na kidogo. Mtaani wakaanza kusema mwenyekiti anajenga choo kwake (choo nilikuwa najenga kweli, kwa hela yangu). Ilibidi nikachapishe miamala yote karatasi baada ya karatasi, miezi miwili naeleza shilingi moja moja. Malalamiko yakafika kata, afisa elimu kata akatuita mimi na mwalimu mkuu, akatuuliza kama tunaujua waraka. Tulikuwa tunaujua! Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ndo uliondoa ada na michango, na Januari 2018 Rais Magufuli alisimama hadharani akapiga marufuku michango ya lazima mashuleni na watoto kurudishwa nyumbani, nchi nzima ikasikia, na sisi mwaka mmoja baadaye tunabandika majina. Mwalimu mkuu ndo aliandikiwa barua ya kujieleza, na hakuwa yeye aliyelianzisha.

Kilichonunuliwa ni matofali 600 ya inchi 6. Yakakaa pale yakaota majani, halafu yakaanza kupungua usiku.

Mkutano uliofuata tulitangaza kwa bajaji ile ile. Walikuja watu 23 pamoja na kamati.

Na nimseme huyu mtu maana nina hasira naye mpaka kesho. Lile wazo la orodha halikuwa letu, tulipewa kwenye semina. Alikuja jamaa aliyealikwa kutufundisha "ushirikishwaji wa jamii", anaongea vizuri, akatuambia mzazi wa mjini bila kuaibishwa hatoi, mtaje jina hadharani utaona. Tukaandika kwenye madaftari. Yeye alichukua posho yake akapanda gari akaondoka, mimi nimebaki naishi na hawa watu, nakutana nao kwenye daladala, nazika nao, naenda harusini kwao. Aibu ile haikuangukia mzazi hata mmoja mwenye uwezo, iliangukia watoto wa miaka tisa. Mtu wa namna hiyo asikanyage shule ya mtu.

Sasa usinielewe vibaya, shule zinahitaji hela, sibishi. Miaka ile ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa msingi ilikuwa 10,000 kwa mwaka, na iliyokuwa inafika shuleni ni 6,000 maana 4,000 ilikuwa ya vitabu, yani jero, shilingi 500, kwa mwezi kwa mtoto. Jero! Chaki, mitihani, ukarabati, vyote humo. Lakini mzazi hajawahi kukalishwa chini akaelezwa hiyo jero. Yeye alisikia "elimu bure", na kila akiitwa shule ni hela au mtoto kapigana. Akiona namba ya shule kwenye simu moyo unamdunda. Halafu tunasema hana ushirikiano.

Ndo maana nakwambia, na hili nalisimamia popote: mzazi aje shuleni mara tatu bila kuombwa hata shilingi mia, ndo ya nne mzungumze hela, na ikiwezekana alianzishe yeye.

2021 tulipata mwalimu mkuu mpya, mama mmoja mpole ana msimamo. Mi nilishataka kujiuzulu, akanikatalia, akasema tuanze na madaftari. Tukachukua darasa la pili tu, mkondo mmoja. Hakuna bajaji hakuna viti vya kukodi. Wale wazazi wawakilishi wa darasa, wa ule Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, ambao kwetu ulikuwa umelala kwenye makaratasi, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu kwa mdomo. Alhamisi saa 11 jioni, kwa sababu mama wa vitumbua na mama ntilie asubuhi humpati hata umlipe. Walikuja 31 katika watoto mia na kitu. Kila mzazi akakaa kwenye dawati la mwanae, mtoto akafungua daftari akamwonyesha, akamsomea mistari michache, au kama hawezi akamweleza picha, mzazi asiyejua kusoma hakuna aliyemjua. Mwalimu akaomba kitu kimoja tu: jioni kabla ya kula mtoto akusomee mistari mitano, hata kama wewe hujui, msikilize. Dakika arobaini watu wakaenda zao.

Kulikuwa na baba mmoja wa bodaboda alikaa na kofia ya pikipiki mapajani anaangalia daftari tupu la mwanae. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe asubuhi kumuuliza mwalimu afanyeje.

Mara ya pili walikuja wengi zaidi, mwalimu mkuu akabandika ubaoni ruzuku iliyoingia na ilivyotumika, mpaka maboksi ya chaki. Watu walisogea kusoma, wakauliza maswali makali, akajibu yote. Mara ya tatu mama mmoja ndo akauliza, hivi hawa wa asubuhi wanakaa na njaa mpaka saa ngapi? Hakuna aliyemtuma! Wakajadiliana wao, mmoja akasema nina mahindi, mwingine sukari, mwingine kuni, wengine wakasema sisi tutakuja kupika kwa zamu. Hela kidogo iliyohitajika wakasema isikae kwa mwenyekiti wala kwa mwalimu, wakamchagua mama anayeweka hazina ya kikoba chao maana wanamjua miaka, ikaingia akaunti ya shule na stakabadhi ikatoka, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akiwepo anaona. Asiyekuwa na kitu alichota maji, na jina lake halikuandikwa popote.

Uji ulianza kwa darasa la kwanza na la pili na ulikuwa unakatika baadhi ya wiki, sikudanganyi. Ukuta mpaka leo ni nusu, upande mwingine tumepanda michongoma, na walioipanda ni wale wale vijana wa bodaboda waliokuwa wanakatiza uwanjani.

Mama wa vitumbua nilimfuata mwenyewe kumwomba radhi. Alinisikiliza, akanifungia vitumbua vya jero, akakataa nilipe. Mtoto bado yuko Kilwa.

Kwa hiyo dada, mkutano wa Jumamosi fanya, ila ajenda iwe moja, daftari la mtoto. Grupu la wasapu sawa, libaki la matangazo ya shule. Na kama mtu kwenye kamati yako anakwambia bila hela mkutano hauna maana, mwambie anitafute hapa hapa kwenye uzi nimjibu. Tangazo limeshatoka au bado? Nijibu leo.