Busta haiponyi picha inayoganda

Picha ya televisheni ya kidijitali ya antena ikiganda, usikimbilie busta (kifaa cha kukuza mawimbi). Ukifungua menyu ya king'amuzi utakuta mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Fuata ule wa ubora. Nguvu inaweza kuonyesha asilimia 90 na picha bado ikaganda, kwa kuwa mstari huo unahesabu kila kinachoingia, kelele zikiwemo.

Katika DVB-T, mfumo wa awali wa televisheni ya kidijitali ya antena, yenye 64QAM (mpangilio wa nukta 64, kila nukta ikiwakilisha kundi la biti), kila wimbi bebaji huchukua biti 6 kwa mpigo. Katika DVB-T2, toleo lake jipya, yenye 256QAM (nukta 256), huchukua 8. Ndiyo maana masafa yale yale ya upana wa megahezi 8, yaliyopitisha takriban megabiti 24 kwa sekunde, sasa hupitisha hadi 40 hivi. Ila nukta 256 zimesongamana, na kelele kidogo hukifanya king'amuzi kisome nukta ya jirani. Usahihishaji makosa wa LDPC hufidia sehemu kubwa, lakini bado mawimbi yanatakiwa kuizidi kelele kwa desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 17 hadi 20 hivi. Chini ya hapo picha haififii kama ya analojia, inakatika ghafla. Jiwekee akiba ya desibeli 5 au 6, maana miti ikilowa tu, kiwango hushuka.

Sasa busta. Waya wa antena aina ya RG6 wa mita 30 hupoteza desibeli 5 hivi kwenye megahezi 600. Busta ikikaa nyuma ya televisheni hupokea mawimbi yaliyokwisha kudhoofika, ikayakuza pamoja na kelele. Mahali pake ni juu ya mlingoti, karibu kabisa na antena. Ukiwa jirani na mnara, iondoe: mawimbi makali mno huilemea na ubora huporomoka.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha vijiti vya antena vimelala au kusimama sawa na vya mnara; kukosea hapo kunaweza kukugharimu desibeli 15 na zaidi. Zungusha antena polepole, ukisubiri sekunde chache kila hatua, kwani king'amuzi huchelewa kusasisha usomaji. Kisha jaribu kuipandisha au kuishusha nusu mita.

Chunguza pia viunganishi. Unyuzi mmoja wa wavu wa chuma unaozunguka waya wa antena ukigusa waya wa kati, mawimbi huenda yasipite kabisa. Splita (kigawa mawimbi) ya njia mbili nayo hula karibu desibeli 4 kila upande, hata upande mmoja usipotumika, kwa hiyo kama televisheni ni moja, ing'oe.