Amlodipini na uvimbe wa miguu

Mwenzetu ameuliza kama uvimbe wa vifundo vya miguu uliomwanza baada ya kuandikiwa amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, ni dalili ya figo kuharibika, na kama aiache mara moja. Namjibu kwa yaliyonipata mwenyewe, kwani ninaimeza mwaka wa sita sasa.

Nilianza na miligramu 5 bila shida yoyote. Wiki ya tatu baada ya kupandishiwa dozi hadi 10, soksi zikaanza kuniachia mfereji mguuni kila jioni, na nilipobonyeza kwa kidole, kishimo kilibaki. Nilikotibiwa waliniongezea dawa ya kukojosha. Nikawa naamka mara nne usiku, na uvimbe ukabaki palepale. Daktari wa pili ndiye aliyenifafanulia kwamba amlodipini hutanua ateri ndogo zinazopeleka damu kwenye kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) kuliko inavyotanua vena zinazoiondoa, hivyo shinikizo hupanda ndani ya kapilari na maji huvujia kwenye nyama ya mguu. Kwa kuwa tatizo si wingi wa maji mwilini, kukojoa hakusaidii sana. Alinirudisha kwenye 5, akaongeza losartani, dawa nyingine ya shinikizo la damu ambayo hutanua vena pia, na uvimbe ukanywea.

Hata hivyo, uvimbe usipuuzwe. Katika utafiti wa ALLHAT, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 33,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, amlodipini haikutofautiana na klothalidoni (dawa ya kukojosha inayoshusha shinikizo la damu) kwa vifo vya ugonjwa wa moyo na shambulio la moyo, lakini ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu ulitokea kwa asilimia 10.2 ya waliotumia amlodipini, dhidi ya 7.7 ya waliotumia klothalidoni. Wapo waliodai kwamba huenda ni miguu iliyovimba tu iliyohesabiwa kuwa ugonjwa wa moyo (nami, kwa soksi zangu, niliwaunga mkono), ila majalada ya waliolazwa yalipopitiwa upya, tofauti ilibaki.

Kwa hiyo usiiache dawa kimyakimya, bali rudi kwa daktari, na uende haraka ikiwa unakosa pumzi ukilala chali au umevimba mguu mmoja tu. Kuhusu figo, omba kipimo cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu) na cha protini kwenye mkojo, maana miguu peke yake haiwezi kukujibu swali hilo.