Mpe mwanafunzi mtaro kabla ya jedwali la rangi

Mwanafunzi wa uhandisi anayeanzishwa usimamizi wa vihatarishi kwa jedwali la 5 kwa 5 (uwezekano na madhara hupewa alama 1 hadi 5, zikazidishwa, na jibu likapewa rangi, kijani ikiwa hatari ndogo) hutoka darasani akijua kuzidisha tu. Uwezekano 1 mara madhara 5 ni 5. Uwezekano 5 mara madhara 1 nayo ni 5. Kwa hesabu hiyo, mtaro unaoweza kufukia watu na saruji inayochelewa kila wiki vina uzito mmoja. Waonyeshe kasoro hiyo mapema, kisha liweke jedwali kando.

Anza na kazi moja: mtaro wa bomba, kina mita 2, upana mita 0.8, udongo wa kichanga, ukuta wa jirani mita 1 kutoka ukingoni, masika yameanza. Toa mchoro wa ukurasa mmoja. Dakika 20 za kwanza kila mtu aandike peke yake, kimya, ndipo wakae wanne wanne. Wakianzia kwenye kikundi, orodha huwa ya yule aliyewahi kusema.

Kila kihatarishi kiwe sentensi yenye chanzo, tukio na madhara: "Udongo uliochimbwa umerundikwa ukingoni na mvua imeulowesha, hivyo kuta zinaweza kuporomoka na kumfukia fundi." Anayeandika "ajali kazini" arudishiwe karatasi. Vivyo hivyo "uzembe wa wafanyakazi": hiyo ni lawama, haimwambii mhandisi abadilishe nini. Wakikadiria uwezekano, mmoja akiweka alama 2 na mwenzake 4, wasitafute wastani. Kila mmoja aonyeshe alichokiona kwenye mchoro. Mabishano hayo yana faida kuliko saa nzima ya mhadhara.

Kwenye kinga, wengi hukimbilia helmeti na mabuti. Mita moja ya ujazo ya udongo huweza kupita tani moja na nusu. Helmeti itazuia nini? Wapitishe ngazi za kinga kwa mpangilio, kuanzia ile inayoondoa hatari yenyewe: bomba lipite kwingine, au kina kipungue? Kuta zitegemezwe kwa mbao au mabamba? (Kuzilaza mteremko upande wa jirani haiwezekani, na ni vizuri wagundue wenyewe.) Rundo lisogezwe mbali na ukingo? Vifaa vya kujikinga vije mwisho.

Katikati ya zoezi, toa karatasi ya pili: mkandarasi anataka kupunguza mbao za kutegemezea. Hapa ndipo pa kueleza hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, 1981. Vyuma virefu vya kuning'inizia madaraja ya ndani vilibadilishwa kuwa vipande viwili, na kiungo cha boriti za daraja la juu kikabeba mzigo wa madaraja mawili. Madaraja yaliporomoka, watu 114 wakafa. Badiliko hilo liliidhinishwa bila kiungo kupigiwa hesabu upya.

Katika alama 20, sentensi zipewe 4, sababu za makadirio 4, kinga 6, na mwitikio kwa badiliko 6. Ongeza mahojiano ya dakika 5: chagua mstari wowote, umuulize mwanakikundi yeyote, "Ukiona nini utasimamisha kazi?" Aliyenakili hujulikana hapo.

Kwa mradi wa mwaka wa mwisho, kusanya daftari la vihatarishi (orodha ya vihatarishi vya mradi, makadirio na kinga zake) wiki ya 3, ya 7 na ya 11, usahihishe tofauti kati ya matoleo. Lisilobadilika lisipate alama ya ufuatiliaji. Usimkate alama mwanafunzi ambaye kihatarishi chake kimepanda. Ukimkata, toleo lijalo litakuja na kijani kitupu.