Boti ya kambakochi iliyotumika: saa za injini, vifaa na bei

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Portland, Maine. Nimepata boti ya futi 32 iliyotengenezwa 1988, ya umbo la boti za wavuvi wa kambakochi wa huku, ila hii ni ya matembezi: ina kibanda, vitanda viwili omoni, jiko dogo na choo. Injini ni moja, Cummins 6BTA ya dizeli, saa 4,100. Mwuzaji anasisitiza vifaa: rada, ramani ya GPS, Loran (kifaa cha zamani cha kujua mahali ulipo kwa mawimbi ya redio), na usukani wa kujiendesha. Anasema bei iko juu kwa sababu ya hivyo, na anataka tumalizane kabla ya baridi. Mimi nimezoea mashine za kubandika za Ziwa Tanganyika. Saa hizo si nyingi mno? Na vifaa vina thamani gani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na vifaa, maana hapo pana maneno machache. Usivilipie. Vituo vya Loran-C vya Marekani vilizimwa mwaka 2010, kwa hiyo kifaa hicho hakipokei kitu tena. Ramani ya GPS ya zamani muulize kama bado unaweza kuipatia ramani mpya. Kama haiwezekani, hesabu kwamba utanunua nyingine. Rada ndiyo yenye maana, kwa sababu ukungu wa Maine wakati wa kiangazi hufunika njia ghafla. Iwashe, ipe dakika chache ipate joto, uone kama inachora maboya na ukingo wa pwani. Fataki za dharura zina tarehe ya mwisho, isome. Basi.

Saa 4,100 kwa dizeli ya aina hiyo hazinitishi. Gawanya kwa umri wake: ni kama saa mia moja na kidogo kwa mwaka, na wavuvi wa huko huzitumia injini kama hizo kwa saa nyingi kuliko hapo. Kinachoua dizeli ya baharini mara nyingi ni maji ya chumvi kuingia yasikotakiwa. Tazama jina la injini yako: T ni tabo, inayoisukumia injini hewa zaidi, A maana yake hewa inayotoka kwenye tabo hupozwa kabla ya kuingia kwenye silinda, na hapo kinachopoza mara nyingi ni maji ya bahari. Kipozeo hicho kina mirija ndani ya nyumba ya alumini. Kisipofunguliwa na kusafishwa kwa miaka mingi, chumvi hula pale metali mbili zinapokutana, mipira ya kuziba huchoka, na siku moja maji huvuja upande wa hewa. Yakifika kwenye silinda, umeshanunua injini nyingine. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwuzaji lisiwe la saa. Muulize: kipozeo cha hewa kilifunguliwa lini, na risiti iko wapi? Kama hana jibu, weka gharama ya kukifungua ndani ya bei. Uliza hivyo hivyo kuhusu kiwiko cha eksozi, ambacho huoza kwa ndani huku nje rangi ikimeta. Pitisha tochi kwenye maungio yake. Michirizi ya kutu au unga mweupe wa chumvi ni dalili ya kuvuja.

Siku ya kuijaribu, fika mapema na uweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu amekuandalia mambo. Mwambie utarudi kesho. Dizeli mbovu kuwaka ikiwa baridi huonekana hapo tu. Kisha baharini, ikishapata joto lake, sukuma gesi mpaka mwisho. Kibao cha injini kimeandikwa mizunguko inayotakiwa kwa dakika. Kama kinasema 2,600 na inagota 2,350, ama pangaboi ni kubwa mno, ama sehemu ya chini imeota magugu, ama injini imechoka. Injini iliyobebeshwa hivyo kwa miaka imepikwa. Moshi mweusi mzito unaambatana na hali hiyo, na wa bluu ni oili inayoungua. Chukua pia sampuli ya oili ipimwe maabara. Sodiamu ikiwa juu, huenda maji ya bahari yamepita.

Sasa chombo chenyewe. Mtindo huu, uliokulia sehemu za pwani ya Maine kama Jonesport na Beals, una mkuku mrefu unaolinda pangaboi na usukani, na gamba la chini mara nyingi ni faibaglasi nene tupu. Gamba hilo hudumu. Sitaha ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa katikati ya faibaglasi huwekwa balsa au plaiwudi, na kila skrubu iliyofungwa bila kuzibwa vizuri ni mlango wa maji. Balsa iliyolowa huwa kama mkate uliotiwa chai. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga taratibu kuzunguka vifungio vya kamba, nguzo za reli na madirisha. Palipo pazima hulia kwa sauti kali na fupi. Palipooza sauti hufifia. Pakishakuwa mita moja ya mraba au zaidi, hiyo ni kazi kubwa ya kukata na kujenga upya.

Halafu ulizia tangi la mafuta. Likiwa la alumini, chini ya sakafu ya tezi, na limezungukwa na povu linaloshika unyevu, hutoboka kwa chini usikoona. Ingiza kamera ya simu. Harufu ya dizeli kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, si ya kawaida hata kidogo. Kulibadilisha kwa kawaida ni kukata sakafu.

Ikipandishwa nchi kavu, shika pangaboi ulitikise juu chini: likicheza sana, bearingi ya shafti imekwisha. Likwaruze; shaba ikiwa na rangi ya waridi, zinki iliyochanganywa ndani yake imeliwa. Angalia pia kama shafti ina kisu cha kukata kamba, kwa sababu maji ya Maine yamejaa maboya ya mitego.

Tafuta mkaguzi wa vyombo aliye mwanachama wa SAMS au NAMS, vyama vya wakaguzi wa vyombo vya majini, umchague mwenyewe, asiletwe na dalali. Injini ipe fundi wake tofauti. Kampuni ya bima huenda ikadai ripoti hiyo hata hivyo.

Kuhusu haraka ya mwuzaji: kabla ya baridi boti hutolewa majini na injini hujazwa dawa ya kuzuia kuganda, na baada ya hapo huwezi kuijaribu baharini hadi majira ya kuchipua. Kwa hiyo ama uijaribu sasa ikiwa majini, ama fedha zikae kwa mtu wa tatu, na mkataba useme wazi kwamba unarudishiwa zote kama jaribio la majira ya kuchipua halikukuridhisha. Ukipewa moja kati ya hayo mawili, na sitaha na tangi vikawa vikavu, inunue. Ni chombo kizuri.