Kuhusu maswali aliyoulizwa mwanao kizuizini

Dada yangu, umeuliza kama mwanao wa miaka 15, anayeshikiliwa katika kituo cha watoto huko Marekani, amekwisha kuhesabiwa mgonjwa wa akili kwa kuwa alipopokelewa aliulizwa maswali mengi juu ya hasira na usingizi. Hapana. Iwapo walitumia MAYSI-2, dodoso linalotumika sana huko kwa vijana wa miaka 12 hadi 17, alijibu ndiyo au hapana kwa maswali 52 kuhusu hali yake ya miezi ya karibuni, yakiwemo ya pombe, huzuni na mawazo ya kujiua. Majibu hayo huonyesha nani aangaliwe haraka, na ugonjwa wenyewe huthibitishwa na mtaalamu baada ya uchunguzi kamili.

Usichelewe kumuuliza wakili wake kama majibu hayo yanaweza kufika mahakamani, maana sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo. Uliza pia alihojiwa kwa lugha gani: kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kuitikia ndiyo kwa swali la Kiingereza asilolielewa, na hapo omba kwa msisitizo arudiwe akiwa na mkalimani. Na kama amewahi kutaka kujidhuru, tafadhali wajulishe wahudumu wa kituo leo hii, usingoje siku ya kesi.