Bia ijayo: pima joto kwanza, jina litafuata

Wapika bia wa nyumbani wakikutana, swali la kwanza ni "sasa unapika nini?" Anayejibu "IPA nyeusi" (IPA ni India Pale Ale, bia ya hopsi nyingi, yaani maua yanayotia bia uchungu na harufu) amechokoza ubishi wa jioni nzima, kwa sababu lazima atokee wa kumwuliza: herufi P ni ya "pale", yaani bia ya rangi nyepesi, sasa itakuwaje nyeusi? Mimi naupenda sana ubishi huu. Ila nimejifunza kwamba anayechagua bia ijayo kwa kuanzia kwenye jina hujinyima bia nzuri ambayo chumba chake na maji yake vingempa bila taabu.

Kwa hiyo mimi huanza na joto. Chachu nyingi za eli, yaani bia zinazochachushwa kwenye joto la wastani, hutulia kati ya nyuzi 16 na 22 za Selsiasi. Chachu ya laga, bia inayochachushwa kwenye baridi, inataka nyuzi 8 hadi 13, na baada ya hapo bia ipumzike wiki kadhaa karibu na sifuri. Kama huna friji ya kuitengea, laga iache kwanza. Chumba chako kikiwa cha joto kali, zipo chachu za saison, eli ya mashambani ya Ubelgiji, zinazofurahia joto karibu na nyuzi 30, na zipo kveik, chachu za mashambani kutoka Norwei, ambazo nyingi huchacha vizuri hata kwenye nyuzi 35. Usipime hewa ya chumba peke yake. Chachu ikishachangamka hutoa joto lake yenyewe, na bia inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Mimi hubandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, halafu nakifunika na kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, nikafunga kwa utepe. Hapo kinasoma ndoo, hakisomi upepo wa dirishani. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kukichungulia mara kwa mara, maana ladha nyingi mbaya za joto huzaliwa hapo.

Halafu maji. Tazama ndani ya birika lako: likiwa na ukoko mweupe mgumu, maji yako yana chokaa nyingi, na bia nyeusi itakutendea haki kuliko bia ya dhahabu. Kimea kilichokaangwa sana kina uchachu wake, na uchachu huo huizima ile chokaa wakati wa kuloweka nafaka. Ndiyo maana London na Dublin, zenye maji ya namna hiyo, zilijipatia sifa kwa bia nyeusi za pota na stauti. Plzeň, kule Bohemia, maji ni laini mno, na Josef Groll alipopika huko mwaka 1842 ikatoka laga ya dhahabu ambayo dunia nzima imeiiga. Burton upon Trent, Uingereza, nako maji yana salfeti nyingi, zinazofanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na mkali, na mji huo ukavuma kwa eli nyepesi zilizosafirishwa hadi India. Mitindo hii ilizaliwa kutokana na kilichokuwa kisimani, majina yakaja kupachikwa baadaye.

Jambo la tatu ni dogo, ila watu hulisahau: nani atainywa? Lita 20 ni chupa 40 hivi za nusu lita. Bia ya hopsi nyingi hupoteza harufu yake upesi, inataka wanywaji wa kuimaliza ndani ya wiki chache. Bia nzito ya asilimia 10 inaweza kungoja mwaka mzima, lakini pika nusu ya kipimo.

Sasa tuje kwenye majina. Sikubaliani na wanaosema majina hayana maana. Jina ni ahadi kwa mnywaji. Ukimwambia mtu hii ni hefeweizen, bia ya ngano ya Kijerumani, ameshaanza kutafuta ndizi mbivu na karafuu kabla glasi haijagusa mdomo, na ladha hizo hutoka kwa chachu yake maalumu. Ukitumia chachu nyingine, iite bia ya ngano tu, inatosha. Kölsch, eli ya dhahabu ya Cologne kule Ujerumani, ni jina lenye wenyewe: wapika bia wa Cologne walikubaliana masharti yake mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya unalilinda. Nyumbani hakuna atakayekushtaki, lakini kusema "mtindo wa Kölsch" ni heshima kwao.

Mpaka kati ya pota na stauti sitaupigania. Zamani London "stout porter" ilikuwa pota yenye nguvu zaidi, basi, na hadi leo bia nyingi zinaweza kukaa upande wowote. Na ile IPA nyeusi? Naiunga mkono. Mnywaji akisikia IPA anategemea uchungu na harufu ya hopsi; akivipata, rangi haijamdanganya. Mwongozo wa mitindo wa BJCP, shirika la Marekani la majaji wa bia, wa mwaka 2015 nao uliiweka kati ya IPA maalumu.

Ukipeleka bia mashindanoni, ubishi una matokeo, kwa sababu jaji hupima kilichomo glasini dhidi ya maelezo ya mtindo ulioandika. Onja kwanza, ndipo ujaze fomu. Niliwahi kupika bia nikikusudia stauti, ikatoka laini, ina chokoleti bila ule ukali wa nafaka iliyoungua, nikaiandikisha pota. Hakuna jaji aliyejua niliwaza nini siku ya kupika, wala hakuhitaji kujua.

Kwenye chupa zangu naandika tarehe, chachu na joto nililochachushia. Nafasi ya jina naiacha wazi mpaka gesi ikamilike na wenzangu wawili watatu waonje bila kuambiwa kitu. Wakitofautiana, naandika majina yote.